Risala ya Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya,
Ndugu Afisa Madini Mkazi na maofisa mlioambatana naye,
Ndugu wawakilishi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji,
Viongozi wetu wa dini,
Wenye leseni, wenye maduara, wachimbaji, waendesha makarasha ya kusaga mawe na mama lishe,
Mabibi na mabwana,

Sisi wachimbaji wadogo wa dhahabu wa hapa Geita tunakushukuru kwa kukubali kuadhimisha nasi tarehe 28 Aprili hapa hapa machimboni. Tuliomba shughuli hii isifanyike ukumbini mjini kwa sababu tulitaka uyaone maduara, yaani mashimo tunayoshuka kuchimba, kwa macho yako wakati tunasema haya, tena katikati ya masika, udongo ukiwa umelowa. Winchi zote zimezimwa tangu asubuhi na hakuna mtu aliye chini.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Utaratibu wa risala ni kuanza na historia ya kikundi na idadi ya wanachama. Utuwie radhi, leo tunaanza na vifo.

Januari 2024 wenzetu 22 walifukiwa na kupoteza maisha katika machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi. Eneo lile lilikuwa limezuiwa kuchimbwa kwa sababu ya mvua. Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa wakiwa kwenye kazi ya kukarabati maduara. Nyuma zaidi iko Mererani: mafuriko ya mwaka 1998, hewa chafu iliyoua zaidi ya watu 30 kwa mkupuo mwaka 2002, kisha mafuriko tena Machi 2008. Hayo ndiyo yaliyotangazwa redioni. Kijana mmoja aliyekatikiwa na kamba ya winchi siku ya kawaida, akasafirishwa kwao kwa gari la kukodi, hatangazwi popote. Na hao wa mmoja mmoja ndio tunaowazika mara kwa mara.

Sisi tunaoshuka tunajua kwamba duara likitaka kuporomoka, mara nyingi hutoa dalili. Vumbi linaanza kudondoka bila mtu kugonga mwamba. Matimba, ile miti inayoshikilia kuta na paa, yanalia. Ufa wa jana leo unaingiza vidole. Maji yanachuruzika mahali ambapo hapakuwa na maji. Mchimbaji wa siku nyingi huziona dalili hizi kabla ya mtu yeyote wa ofisini. Kinachotuua ni kwamba anayeziona hana mamlaka ya kusimamisha kazi, na mwenye mamlaka hayo yuko juu, au yuko mjini, anasubiri mifuko ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu.

Tunaomba utuelewe hapa, maana ndipo penye kiini cha risala yetu. Wengi wetu hatulipwi mshahara. Tunafanya kazi kwa mgao: mifuko ikitoka, mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara fungu lake, mfadhili fungu lake, na sisi tuliochimba tunagawana kilichobaki. Isipotoka, hatuna kitu. Mfadhili naye anatulisha kila siku, ananunua mafuta ya jenereta, anakodi kompresa, na kila siku ya kusimama kwake ni hasara tupu. Katika hali hiyo, mtu akisema "leo tusishuke, kuta zimelowa", anaonekana mwoga au mvivu, na kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Vijana wanaotafuta kazi wako wengi mno hapo nje.

Hatari inakuwa kubwa zaidi siku ambayo duara limeanza kutema dhahabu. Watu wa nje hudhani vifo vinakuja kwenye mashimo yasiyo na kitu. Hapana. Dhahabu ikionekana, usiku na mchana vinakuwa kitu kimoja, zamu zinaongezwa, na watu wanaanza kula nguzo. Nguzo ni ule mwamba unaoachwa kwa makusudi ubebe paa la chini. Ukiwa na dhahabu ndani yake, jicho haliwezi kuuacha. Wanaumegua leo kidogo, kesho kidogo, na juu yao kuna udongo ambao meta moja tu ya ujazo ina uzito unaofika tani moja na nusu, na ukilowa unazidi hapo.

Kwa sababu hiyo, wenye maduara na wachimbaji wa eneo hili tulikaa kikao tukakubaliana jambo moja, na tunakuomba leo ulipe nguvu ya Serikali. Kila duara sasa lina msimamizi wa usalama anayechaguliwa na wachimbaji wenyewe. Yeye anashuka wa kwanza kila asubuhi, anagonga paa, anakagua matimba, kamba na hewa. Akisema hapana, hakuna anayeshuka, awe mwenye duara, awe mfadhili. Na mgao wake haupungui kwa siku alizosimamisha. Kipengele hicho cha mwisho kilitugharimu mabishano marefu, lakini bila hicho vingine vyote vingekuwa maneno matupu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Turuhusu tuzungumzie hewa, kwa kuwa ndiyo inayoua watu wengi kwa pamoja na ndiyo isiyoeleweka vizuri hata kwa wachimbaji wazoefu.

Maji yakijaa chini, kuna wanaoshusha pampu ya petroli ndani ya duara na kuiwasha huko huko, kwa sababu mpira wa kunyonya kutoka juu haufiki. Injini hiyo inatoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na inajishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anahisi kichwa kizito, miguu inalegea, anakaa chini apumzike, hainuki tena. Baruti nazo zikilipuka zinaacha hewa ya aina hiyo hiyo, na anayeshuka kabla moshi haujatolewa wote anashukia kifo chake. Wapo wanaoteremsha mshumaa kupima. Mshumaa ukizimika, ni kweli oksijeni imepungua. Lakini ukiendelea kuwaka hauthibitishi kwamba duara ni salama, kwa sababu kaboni monoksaidi inaweza kuua mtu huku mshumaa unawaka.

Na hapa ndipo tunapopoteza watu wawili, watatu, wanne kwa tukio moja. Wa kwanza anaanguka. Ndugu yake anaruka kwenye kamba kumfuata, naye anaanguka. Rafiki yao anafuata. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kumkimbilia ndugu yake, ila tumewafundisha vijana wetu, na tunaendelea kuwafundisha, kwamba mtu akianguka chini bila jiwe kumgusa, chanzo chake ni hewa mpaka ithibitike vinginevyo, na hakuna kushuka kabla ya kupuliza hewa safi kwa kompresa na mwokoaji kufungwa kamba inayoshikiliwa na watu walioko juu. Kulisema hili ni rahisi. Kulitekeleza huku unasikia sauti ya mdogo wako ikififia ni mtihani mzito, na wale waliouweza wanastahili heshima yetu.

Kuhusu baruti, tunashukuru ofisi ya madini kwa kusimamia vibali vya walipuaji. Kamba za winchi nazo sasa zinabadilishwa kabla hazijachakaa, ingawa bado tunawaona wenye kuunga kamba iliyokatika kwa fundo.

Matimba ni suala jingine. Miti mizuri ya matimba ni ghali, kibali cha kuivuna kinachukua muda, na mwenye duara asiye na subira anaweka mikaratusi mibichi na myembamba. Chini kuna unyevu, miti inaoza ikiwa inaonekana mizima kwa nje, na mchimbaji anaegemea mti ambao ndani ni unga. Tunaomba Wakala wa Huduma za Misitu na ofisi ya madini wakae pamoja watutengee shamba la miti kwa ajili ya machimbo, ili mtu asitumie uhaba wa miti kama kisingizio.

Mafunzo tuliyopewa yalitueleza kisa cha mgodi wa makaa ya mawe wa Hartley, Uingereza. Januari 1862 boriti ya pampu ilivunjika ikaziba shimo la kuingilia, na watu 204 wakafa chini kwa kuwa mgodi ulikuwa na njia moja tu. Mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria ya kutaka njia mbili za kutokea. Sisi leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, maduara yetu mengi yana mdomo mmoja. Tumeanza kuyaunganisha maduara jirani kwa chini ili kila zamu iwe na njia ya pili, na pale ambapo wenye leseni wawili hawaelewani kuhusu mpaka, tunaomba Afisa Madini Mkazi awaketishe. Ugomvi wa mpaka usiwe sababu ya watu kufa kwa kukosa pa kutokea.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Duara likiporomoka, swali la kwanza la kila kiongozi anayefika ni "wako wangapi chini?" Kwa miaka mingi jibu limekuwa kubahatisha. Mmoja anasema nane, mwingine kumi na mbili. Majina yenyewe ni ya utani, na kijana aliyetoka Kigoma au Tabora hakuna anayelijua jina la baba yake. Familia zinakuja kuuliza baada ya miezi. Sasa kila duara lina daftari na ubao. Anayeshuka anatundika kibati chenye namba yake, akipanda anakiondoa. Daftarini kuna jina lake kamili, kijiji chake na simu ya ndugu. Kwa gharama ndogo sana, tumepata uwezo wa kujua tunamtafuta nani na kusimamisha utafutaji kwa wakati sahihi.

Tunasema kwa wakati sahihi kwa sababu tunazikumbuka siku za Nyangalata, Kahama. Wachimbaji walifukiwa tarehe 5 Oktoba 2015, na watano wakatolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye. Na hapa kwetu Nyarugusu, Januari 2017, watu 15 waliofukiwa walitoka wote wazima baada ya siku kadhaa za kazi ya usiku na mchana. Tunamwomba yeyote atakayesimamia uokoaji katika wilaya hii ayakumbuke matukio hayo mawili kabla ya kutamka kwamba zoezi limefungwa.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Baada ya kueleza hayo, tunaleta kwako maombi yetu.

Tunaomba amri ya msimamizi wa usalama kusimamisha kazi iandikwe kwenye masharti ya kila duara, na atakayemfukuza mtu kwa kutoa amri hiyo achukuliwe hatua na ofisi yako.

Tunaomba vipima hewa. Havihitaji kuwa kimoja kwa kila duara. Vichache kwa eneo zima vinavyotunzwa na mtu aliyefundishwa vitatosha kuanzia. Pamoja navyo, kikosi cha uokoaji kutoka miongoni mwetu, kifundishwe na Zimamoto na migodi mikubwa iliyo jirani, kwa kuwa saa za mwanzo ndizo zinazookoa, na saa hizo tunakuwa peke yetu.

Tunaomba tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zitufikie machimboni kwa wakati, na zuio la mvua likitolewa lilindwe usiku pia. Wanaoingia kwenye eneo lililozuiwa huingia gizani.

Na mwisho, fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kisheria tangu mwaka 2008 na unafanya kazi, lakini sisi wa mgao hatuna mkataba wala mwajiri anayetuchangia, kwa hiyo mjane wa mchimbaji anaondoka na mchango wa rambirambi na nauli. Wako wajane hapa uwanjani leo, wameketi upande wako wa kushoto, wengi wao wanaponda mawe ili kusomesha watoto. Tunaomba wataalamu wa Mfuko waje wakae nasi tutafute utaratibu unaomfaa mtu wa mgao, tuchangie kwa kila mfuko wa mbale ikibidi. Tuko tayari.

Baada ya risala hii tunakuomba utembee nasi hadi kwenye duara la kwanza, uone ubao wa vibati na uzungumze na wasimamizi wa usalama. Ukiona pungufu lolote, uliseme hapo hapo mbele ya wenye maduara.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu kwa niaba ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita.