Kengele ya O Cebreiro

Kalisti ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Hispania, na mama mpe shikamoo yangu. Nakuandikia nikiwa Triacastela, kwenye njia ya hija ya kwenda mji wa Santiago, miguu imo kwenye beseni la maji ya chumvi.

Jana tulipanda hadi O Cebreiro, kijiji kidogo cha Galicia, karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukungu ulikuwa mzito kama wa kwenu Mbinga mwezi wa saba. Kanisa la Santa María la Real hulioni mpaka umelifikia: kuta nene za mawe, mnara mfupi. Asili yake ni karne ya 9. Mwaka 1072 mfalme Alfonso wa Sita aliwakabidhi wamonaki wa Aurillac, Ufaransa, wawahudumie mahujaji wa Santiago. Walikuwa Wabenedikto, kama wa Peramiho kwetu! Waliwalaza watu, wakawalisha, na penye ukungu au theluji kengele ililia ili aliyepotea aifuate.

Ndani nilikaa sana mbele ya kalisi, kikombe cha divai ya misa, ya karne ya 12, ya fedha iliyopakwa dhahabu. Wenyeji husimulia kwamba mnamo mwaka 1300 mkulima wa kijiji cha Barxamaior alipanda na dhoruba ya theluji kuja misa. Padre akamdharau moyoni: taabu yote hii kwa mkate kidogo na divai? Papo hapo mkate ukawa nyama, divai ikawa damu. Nilimkumbuka bibi yako akivuka mto kuja kigangoni, viatu mkononi.

Ila aliyenigusa zaidi ni paroko Elías Valiña. Alipokuja mwaka 1959 wamonaki walikuwa wameondoka zamani, tangu karne ya 19. Akalikarabati kanisa. Njia yenyewe ya hija ilikuwa imeanza kusahaulika, hivyo mwaka 1984 akachukua rangi ya njano, ile ya kuchorea barabara, akawa anachora mishale kwenye mawe, miti na pembe za nyumba. Alifariki mwaka 1989. Mwaka 2023 waliopewa cheti cha hija kule Santiago walizidi 400,000. Kwangu mimi, rangi ile ni kengele ileile.

Leo alfajiri ukungu ulikuwa bado umetanda. Kwenye jiwe kando ya njia niliuona mshale mmoja, umechujuka pembeni, mikwaruzo ya brashi bado inaonekana. Niliugusa, nikashika njia.

Zimebaki kama siku sita. Niombee miguu.

Wako,
Benedikta