Hela ya matumizi isiwe kiingilio cha kumuona mtoto

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo sisi walimu wa shule za msingi tunakutana nalo karibu kila muhula ila hatuliongelei hadharani, nalo ni wazazi walioachana kuzuiana wasimuone mtoto. Mimi nafundisha Morogoro, madarasa ya chini. Saa nne watoto wakitoka kunywa uji utamkuta baba kasimama getini na mfuko wa maandazi na juisi, anaomba aitiwe mwanae dakika chache tu, sababu kule anakoishi mama akienda anafukuzwa na simu ameshablokiwa. Siku nyingine ni mama, kasafiri kutoka mkoani huko, ndugu wa mwanaume wamemwambia mtoto mwenyewe hataki kukuona, sasa kaja kuhakikisha kwa macho yake. Na sisi tunabaki katikati, maana ukiruhusu yule anayeishi na mtoto kesho anakuja juu ofisini, ukikataa mtoto kashamuona mzazi wake pale dirishani na siku hiyo hafundishiki tena.

Chanzo cha mengi ninayoyasikia ni hela. Mama anasema hajatoa matumizi miezi mitatu, hamuoni mtoto mpaka alete. Baba nae anasema kama sionyeshwi mwanangu sitoi hata mia. Yani wote wawili wamegeuza hela ya matumizi kuwa kiingilio, na mwenye kukaa nje ni mtoto. Jamani haya ni mambo mawili tofauti na kila moja lina njia yake. Asiyetoa matunzo anapelekwa Ustawi wa Jamii pale halmashauri, anaitwa, mnakalishwa chini, ikishindikana mnaenda mahakamani anaamriwa kutoa. Anayenyimwa kumuona mtoto naye ni hivyo hivyo, ana haki ya kuomba mahakama impangie siku za kumuona. Hakuna sehemu yoyote sheria inaposema ukidaiwa basi mtoto anashikwa mpaka ulipe.

Tena sheria yetu iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inasema wazazi wakitengana au wakipeana talaka mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake mwingine kila anapotaka mwenyewe, isipokuwa kama itavuruga masomo yake. Soma vizuri hapo, haki ni ya mtoto. Kwa hiyo dada yangu unapomwambia mzazi mwenzio humuoni, uliyemnyima kwanza ni huyo mwanao unayempikia kila siku. Na kaka yangu unayepotea mwaka mzima sababu umekasirika na mama yake, hasira hizo zinamuangukia mtoto, mama yake wala hana habari na wewe.

Alafu kuna hili la miaka saba, linanisumbua sana. Huku mtaani watu wanaamini mtoto akifikisha miaka saba baba anamchukua, basi, imeisha. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa ni vema akae na mama, na hata hapo mahakama ikiona kuna sababu inaweza kuamua vingine. Haikusema akifika saba ahamishwe. Akishavuka hapo wanaangalia maslahi ya mtoto, na kama ana umri wa kujieleza anasikilizwa pia. Lakini sisi tunaona watoto wa darasa la kwanza na la pili wanatoweka katikati ya muhula, kaja shangazi na bajaji, mtoto kapelekwa Dodoma au Songea kwa bibi mzaa baba, mama anakuja jioni kumchukua anakuta kashaondoka. Mtoto wa miaka saba unamtoa kwa mama yake namna hiyo, bila kuaga hata wenzake, alafu unategemea asome?

Nina mwanafunzi mmoja, simtaji, baba yake alimletea viatu vya shule vipya. Kile kiatu hakijawahi kufika nyumbani. Asubuhi anakuja na vya zamani vilivyoisha kisigino, anafika darasani anavitoa vipya chini ya dawati anavaa, kengele ya kwenda nyumbani ikigonga anavua, anavifuta vumbi, anavirudisha. Nilimuuliza kwanini, akaniambia mama akiviona atalia. Ana miaka 8. Mtoto wa umri huo hatakiwi kubeba mzigo wa kulinda moyo wa mama yake huku anamficha baba yake.

Sisemi kila mzazi lazima apewe mtoto akae nae. Wapo waliokuwa wanapiga, wapo wanaolewa pombe mpaka hawajitambui, na wapo waliofanya mabaya zaidi kwa watoto wao wenyewe. Hapo usalama wa mtoto unatangulia, kimbia ofisi ya Ustawi au dawati la jinsia polisi ukaseme, na ikibidi waonane basi iwe mbele ya mtu mzima mwingine. Ila tuwe wakweli, kesi nyingi ninazoziona mimi siyo hizo. Ni watu waliochokana wao kwa wao.

Kwa wanaoishi mbali, simu zipo. Mpangieni mtoto siku na saa ya kuongea na mzazi wake, mpeni simu aende nje akaongee, usimkalie pembeni unasikiliza kila neno na ukimaliza unaanza kumhoji baba yako kasema nini, kuna mwanamke ulimsikia. Usimtume pia akadai ada. Meseji ya ada andika mwenyewe.

Na shule nazo zifanye sehemu yake. Fomu ya kuandikisha mtoto iwe na namba za wazazi wote wawili hata kama hawaishi pamoja. Ripoti ya mwisho wa muhula zitolewe nakala mbili, kila mzazi na yake, maana kutoa kopi ni shilingi ngapi. Na wakishakubaliana Ustawi au mahakamani, karatasi moja iletwe kwa mwalimu mkuu ili tujue nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na siku gani, siyo kila siku tunasuluhisha ndoa za watu chini ya mwembe.

Kingine, msisubiri shule zifungwe ndiyo muanze kuvutana. Kaeni mapema, hata kwa kupitia mjomba au mchungaji au shehe mnayemuheshimu wote, muandike kabisa likizo ya mwezi wa sita anakaa wapi, ya Desemba wapi, sikukuu kwa nani, nauli anatoa nani, nani anampeleka na nani anampokea. Toka Dar mpaka huku kwetu kwa treni ya umeme safari haifiki hata masaa mawili, kwa hiyo wazazi wa Dar na Moro wenzangu hili la umbali msilitumie tena.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro