Mama Rukia, hizo mbavu zako

Majengo, Pumwani
Julai

Mama Rukia mpenzi,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi imetuingia mifupani na makaa ndiyo hayo yamepanda bei. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu kila nikianza unanikatiza, "Si ni baridi tu." Nairobi hii mwezi wa Julai ukisema mbavu zinauma, jirani mmoja atakuambia baridi, wa pili vichomi, na duka la dawa watakufungia vidonge vya maumivu kwenye karatasi. Hakuna atakayekuuliza panauma wapi hasa, wala ukivuta pumzi inakuwaje.

Mimi nakuuliza. Lala chali, utafute kwa vidole viwili mahali ubavu unapokutana na mfupa wa kidari. Hapo pana gegedu, na likiwa na uvimbe utaruka ukilibonyeza. Litauma ukigeuka kitandani, litauma ukipiga chafya. Wodini nimewaona wengi wakija wameshika kifua wakidhani ni moyo, kumbe ni hilo. Misuli ya kati ya mbavu nayo hulemewa. Wewe umekohoa siku nyingi, na juu ya kikohozi unapandisha mitungi ya lita 20 hadi orofa ya nne kila mfereji unapokauka. Shaka yangu ya kwanza iko hapo. Mitungi waachie Rukia na kaka yake, wana mabega. Wewe jikande kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na uwe na subira, maana huchukua wiki kadhaa kuisha.

Lakini usije ukaona panauma ukibonyeza ukasema basi, si moyo. Hilo halitoshi, hasa kwako. Mwenye sukari moyo unaweza kumshika bila ule uchungu mkali wanaousimulia watu. Pengine ni uzito tu kifuani, jasho jembamba, kichefuchefu, na pumzi haishuki. Ukiyaona hayo, au maumivu yakipanda kwenye taya au yakishuka mkononi, usingoje kukuche. Piga 999 au 112, na msaada ukichelewa mwamshe jirani mwenye gari. Ni vivyo hivyo pumzi ikikukata ghafla, zaidi kama mguu mmoja umevimba: donge la damu linaweza kutoka mguuni likaenda kuziba mshipa wa pafu. Ukikohoa damu, toka nyumbani wakati huohuo.

Sasa hicho kikohozi. Uliniambia ni wiki ya tatu, ukalipitisha neno hilo kama salamu za njiani. Mimi silipitishi. Kichomi kinachochoma kila ukivuta pumzi ndani, pamoja na homa na kutetemeka, kinaweza kuwa nimonia, au ule utando unaofunika mapafu umeshikwa. Hapo mtu huenda hospitali siku hiyohiyo. Na hata bila homa, kikohozi kilichopita wiki mbili kinataka kupimwa makohozi. Unatoka jasho usiku hadi shuka inalowa? Nguo zimeanza kukupwaya? Usinuniane nami kwa kutaja TB. Mwenye sukari huipata kwa urahisi zaidi, na dawa zake hospitali za serikali ni bure, kwa kawaida miezi 6, na mtu anapona kabisa. Kinachoua ni kukaa nayo kimya.

Kitu kingine, jiangalie ngozi mbele ya kioo, au umwite Rukia akutazame mgongo. Hapa kwenye ploti yetu kuna mama aliyelalamika ubavu unamwaka moto, hata nguo ikimgusa anashtuka, na hapakuwa na alama yoyote. Siku chache baadaye vikatoka vipele vya maji, mstari mmoja kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi, upande mmoja tu. Mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku 3 tangu vipele vitokeze, kwa hiyo ukiona hata viwili, nenda.

Ingekuwa upande wa kulia, chini, baada ya biriani ya harusi, ningekuuliza habari za nyongo. Yako ni kushoto, tuyaache hayo. Na kwa kuwa hukuanguka wala kugongwa, sina hofu kubwa ya ubavu kuvunjika. Lakini hiyo leso unayojikaza nayo kifuani, ifungue leo. Zamani waliwafunga watu hivyo hata ubavu ukiwa umevunjika. Siku hizi hatufanyi, kwa sababu ukibanwa unavuta pumzi fupifupi, makohozi yanakaa chini, na nimonia inapata nyumba. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto ubavuni, kisha ukohoe vizuri.

Vidonge vya karatasi navyo viache kwanza. Vingi vya aina hiyo huchuna tumbo na kuisumbua figo, na figo ya mwenye sukari ina kazi ya kutosha. Paracetamol ndiyo salama kwako zaidi, kwa kipimo kilichoandikwa.

Alhamisi sina zamu. Nitakuja Kayole saa mbili asubuhi, twende hospitali ya Mama Lucy pamoja, wakusikilize mapafu, wapime makohozi na moyo, na eksirei wakiona haja. Ikikuzidi kabla ya hapo usinisubiri. Chukua kadi yako ya kliniki ya sukari na dawa zote unazomeza, hata zile usizotaka nizione. Foleni itakuwa ndefu, kwa hiyo beba chai kwenye chupa; maandazi nitaleta mimi.

Nisalimie Rukia na kaka yake.

Wako,
Mama Sauda