Usimtupe Mama Amani

Bukavu, Jumapili jioni

Mama Neema mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama uachane na Mama Amani kwa sababu mtoto wake anauma, anarusha mawe, na kila wakija kwako lazima mtu alie. Mimi nasema usiachane naye, ila namna yenu ya kutembeleana ibadilike.

Anza na muda. Kukaa toka saa tisa mpaka giza, watoto watano kwenye uwanja unaotosha kamba moja ya nguo, ni kuwatafutia ugomvi. Saa moja inatosha, ikizidi sana saa moja na nusu. Tena iwe asubuhi wakishakunywa uji, maana jioni njaa na usingizi vikikutana hata mtoto mpole anageuka simba. Mbabula ya makaa iwekwe mahali wasipopita. Mwanasesere ambaye Neema hataki aguswe, mfiche kabla wageni hawajafika, na utoe vitu vilivyo viwili viwili: bakuli mbili, vifuniko viwili. Amani mpe kazi. Mwekee maharagwe kwenye ungo, atoe vijiwe na kuvitia kwenye kikombe. Baada ya dakika kumi atachoka, basi umtafutie kazi nyingine kabla hajaanza kuvirusha.

Akiuma, nenda kwanza kwa aliyeumwa. Osha kwa sabuni na maji safi mengi. Ngozi ikichanika, kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu mdomo wa mtu una vijidudu vingi na kidonda cha mkononi huoza upesi. Halafu uchuchumae mbele ya Amani, macho kwa macho: “Hapana. Kuuma kunaumiza.” Basi. Hotuba ndefu haimwingii. Na wanaokushauri umuume na yeye aonje uchungu, wasikupoteze. Hapo atajifunza tu kwamba mwenye meno makubwa ana ruhusa.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu akiuma si ajabu, maneno bado hayamtoshi. Huyu wa miaka minne na nusu ana sababu nyingine. Jaribu masikio yake: simama nyuma yake hatua tatu, mwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, apelekwe akapimwe. Wapo tunaowaita wakaidi kumbe hawasikii vizuri, hasa wakiwahi kutokwa usaha masikioni. Kumbuka pia Februari 2025, watoto wa mji huu walivyolala chini ya vitanda wakisikia risasi. Kama amerudi kukojoa kitandani, anashtuka usiku, haachi kitenge cha mama yake, basi huenda hasira ile ni woga, na fimbo itauongeza.

Sasa mama mwenyewe, na hapa ndipo urafiki unapofia. Usimwambie siku ileile, damu ikiwa bado inachemka. Usimwambie mbele ya wenzenu wa likelemba, mnaochangiana pesa kwa zamu. Na usitume ujumbe wa sauti, jioni hiyo shemeji zake wote watakuwa wameusikiliza. Ngoja mtembee wawili tu, mkitoka sokoni, mkitazama njia na si nyuso zenu. Sema ulichoona kwa macho: “Jana Amani alimuuma Neema mkononi wakigombania kikombe. Kwako akifanya hivyo unafanyaje?” Halafu nyamaza, mwache aongee. Usiseme “mtoto wako hana adabu”. Kwetu hapa neno hilo linamruka mtoto na kumpiga mama usoni. Hata ile methali ya asiyefunzwa na mamaye iache nyumbani, kila mtu anajua inamlenga nani.

Kabla hamjaagana, omba ruhusa: “Akishika jiwe na wewe uko ndani, nimshike mkono?” Akikubali, mshike mkono tu, usimchape, hata mama yake akikuambia umchape. Sheria za kwako ziseme mlangoni, watoto wote wakisikia, Neema akiwemo: mawe yanabaki chini, anayeuma anakaa karibu na mama yake mpaka atulie. Neema wako naye mwangalie kwa pembeni. Wapo watoto wanaonyang'anya kikombe kimyakimya, kisha wanalia wa kwanza.

Mama Amani anaweza kununa wiki mbili. Mwache anune, ila mkikutana msalimie kama zamani, uulize habari za nyumbani.

Kuna mambo mawili usiyavumilie. Mtoto akimtafuta mdogo mahali pa kujificha ili amuumize, au akimgusa sehemu za siri, watoto wasicheze tena bila mtu mzima kuwaona. La pili mwambie mama yake wazi na kwa utulivu, maana huenda na yeye kuna anayemfanyia hivyo. Nyinyi wawili mnaweza kuendelea kuonana bila watoto.

Kwa hiyo Jumamosi watoto wabaki na bibi yao. Mpitie Mama Amani asubuhi mapema, mshuke wote soko la Kadutu. Mkikuta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa bei nzuri, mnichukulie fungu moja, nitalipa Jumapili.

Dada yako,
Mama Zawadi