Salamu za Desemba 9: Waliosimama Kwenye Nembo

Ndugu, jamaa, wanangu, wakwe zangu wa bara na visiwani, na wenzangu tuliokula vumbi la mafaili pamoja: heri ya Siku ya Uhuru. Natumaini salamu hizi zinawakuta wazima. Huku Kanda ya Ziwa mvua zimeshuka vizuri, watu wamo mashambani wanapanda pamba, maembe yamejaa barabarani, na kila simu ninayopokea ni ya mtu anayelalamikia nauli ya basi. Ndiyo Desemba hiyo.

Mwaka huu salamu zangu nimezipiga muhuri. Aliyepita masjala atanielewa. Utumishi wangu wote nimepokea, nimesajili na kusambaza barua zenye Bibi na Bwana, ndiyo Nembo ya Taifa la Tanzania, juu ya karatasi, na kitu cha kila siku mtu hakitazami. Barua ikiingia unaangalia kumbukumbu namba, tarehe, saini, na kama ni ya siri au ya kawaida. Nembo unaikagua pale tu unaposhuku kuwa mtu ameghushi. Sasa nimestaafu, nimekaa kibarazani na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu mkononi, nikaitazama kwa nafasi. Nayo ina mambo, jamani.

Ngao ndiyo iko katikati. Juu kabisa pana rangi ya dhahabu, ambayo ni madini yetu, na mwenge unawaka hapo. Chini yake bendera ya Muungano. Kisha uwanja mwekundu wa udongo wa nchi, wenye jembe na shoka vilivyopishana, halafu mawimbi ya bluu na nyeupe, ndiyo bahari, maziwa na mito. Mkuki umesimama wima katikati, wa kujilinda. Chini ya yote utepe wa maneno mawili makubwa, Uhuru na Umoja. Hayo tuliyakariri sote shuleni kwa ajili ya mtihani, sitawachosha.

Kilichonikalisha ni vile vilivyo nje ya ngao, pembeni na miguuni.

Anzeni na pembe za ndovu, zile mbili zilizoikumbatia ngao, Bwana ameshika moja, Bibi ameshika nyingine. Karne ya 19 pembe kama hizo zilikuwa zikitoka bara, Ujiji na Tabora, kwenda Bagamoyo kwa mabega ya watu. Wengi wao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa na sifa ya kazi hiyo pwani nzima. Wengine walikuwa watumwa, na hao wakifika pwani waliuzwa kama pembe walizozibeba. Kutoka hapo ni jahazi, Unguja, kisha Ulaya, India na Marekani, zikawa vibonyezo vya piano, mipira ya biliadi na bangili. Kwenye nembo hakuna aliyejitwika. Pembe zimesimikwa chini, na wenye kuzishika wamesimama wamenyooka.

Tusijipongeze sana lakini. Mwaka 2009 tembo wetu walihesabiwa wakawa zaidi ya 100,000. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Hapo hapakuwa na Sultani wala Mjerumani. Majangili ni sisi, wapokea rushwa ni sisi, na makontena yalipita bandarini petu. Walinzi wa wanyama wamefanya kazi kubwa tangu hapo, nawapa shikamoo zangu, ila kila nikiziona zile pembe naikumbuka hesabu hiyo.

Miguuni pa Bwana pana mkarafuu. Mkwe wangu wa Wete, Pemba, ananiambia kuchuma karafuu si mchezo: unapanda juu, unavuta tawi kwa upole maana ukilivunja mwakani hupati kitu, na ujira wako unapimwa kwa pishi. Jioni mnakaa chini nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, kutenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, na mvua ikitishia kila mtu anatimua mbio kwenda kuzianua. Harufu inaingia hadi kwenye mashuka. Lakini mashamba yale, enzi za Sultani Sayyid Said na watoto wake, yalilimwa na watumwa waliotolewa huku huku kwetu bara. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na hata hapo wengi walibaki kwenye mashamba ya bwana yule yule kwa kukosa pa kwenda. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ndipo mashamba yakataifishwa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu.

Miguuni pa Bibi pana pamba. Hapa nina la kusema zaidi, kwa sababu pamba ndiyo iliyonisomesha.

Pamba ya kwanza ya Serikali ya Wajerumani kule kusini haikuwa na mwenyewe. Watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, wale wasimamizi wa Wajerumani, kwa ujira usiotosha chumvi, huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Julai 1905, huko Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, wakaing'oa. Hivyo ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza, kwa kung'oa mashina ya pamba. Dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale kutoka Ngarambe ilikuwa imeshawaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kukaa baraza moja. Hadi vita vinakwisha mwaka 1907, Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Miaka hamsini baadaye huku Usukuma pamba ile ile ilikuwa na ugomvi mwingine, wa mizani. Mkulima analima, anachuma, ganda kavu la tumba linamchoma vidole, anafika kwa mnunuzi, mzani unasema uongo. Wakulima wakaamua kupima wenyewe. Vyama vya msingi vikazaliwa kijiji kwa kijiji, na Paul Bomani na wenzake wakaviunganisha, hadi mwaka 1955 ukapatikana muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria, makao yake Mwanza, uliokuja kuwa na vinu vyake vya kuchambulia pamba. Wazee wetu walikuwa wakitaja ushirika kama mtu anavyomtaja mtoto wake aliyefaulu. Baadaye ulivyoharibiwa ni habari ya siku nyingine, nisije nikawaharibia sikukuu.

Basi nikizipanga hizo tatu, pembe, karafuu na pamba, naona waliobuni nembo walichukua vitu vile vile vilivyowaliza babu zetu wakaviweka mikononi na miguuni pa wenye mali. Hawakuvificha, wala hawakuchora minyororo ili tuonewe huruma. Wamevisimamisha kama mali ya nyumbani. Mimi hilo linanipendeza kuliko hata mwenge.

Mlima nao ni hivyo hivyo. Bibi na Bwana wamesimama juu ya Kilimanjaro. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889 akakipa jina la Kaizari wake, na kwa miaka karibu thelathini watoto wa shule Ujerumani walifundishwa kuwa mlima mrefu kuliko yote ya dola yao uko Afrika. Mwaka 1959 Nyerere alisimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria akasema tungependa kuwasha mwanga na kuuweka juu ya mlima huo, umulike hata nje ya mipaka. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Mwingereza ikishushwa Dar es Salaam, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa ameupandisha mwenge huko juu pamoja na bendera mpya. Kilele kikaitwa Uhuru hadi leo. Waingereza kwa upande wao walikuwa wametupa kichwa cha twiga kwenye alama ya koloni. Twiga ni mnyama mzuri, simsemi vibaya.

Majirani wengine walibaki na wanyama. Kenya wana simba wawili wenye mikuki, wameishika ngao yenye jogoo. Uganda wana swala na korongo. Zambia mwaka 1964 waliweka mwanamume na mwanamke kama sisi. Na kwetu, Bibi hakuwekwa nyuma ya Bwana wala kuchuchumaa. Ana kilemba chake, kimo kile kile, mzigo ule ule. Waliozunguka mikoani na Bibi Titi Mohamed kuiuza kadi ya TANU wangeshangaa kama ingekuwa vingine.

Aliyeichora? Mzee Francis Kanyasu, tuliyemjua kwa jina la Ngosha, alisimulia kuwa ni yeye. Wapo waliotaja wasanii wengine, na mabishano yalikuwa makali, hasa baada ya mzee huyo kukutwa uzeeni akiishi kwa dhiki Buguruni. Alifariki Mei 2017. Mimi si hakimu wa jambo hilo. Ila kama karani naona aibu kwamba taifa linaloweka faili la kila kitu, hadi la kiti kilichovunjika mguu, lilifika mahali likabishana juu ya mkono uliochora nembo iliyo kwenye majalada yenyewe.

Sasa ya sikukuu. Sherehe zetu hazifanani kila mwaka. Mtakumbuka mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride, akatuambia tushike mafagio, na fedha zikaenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Mimi siku hiyo nilifagia mtaro hadi mgongo ukaniuma wiki nzima, nikajiambia hilo ndilo jembe la kwenye ngao. Iwe gwaride au fagio, mwaka huu mpumzike. Wanaolima, mvua iwanyeshee kwa kiasi. Walioko kazini zamu za sikukuu, manesi, askari na madereva, Mungu awalinde. Ndugu zetu Wakenya wa ng'ambo ya Sirari, tarehe 12 ni yenu: heri ya Jamhuri Dei, tukumbukeni kwenye nyama choma.

Wakwe zangu wa Kilimanjaro najua mmeshafunga mizigo, maana kuanzia katikati ya mwezi huu nusu ya Dar es Salaam itakuwa Moshi. Msimkimbize dereva. Mkifika mnipigie simu kabla ya kuchinja mbuzi, si baada.

Kwangu tarehe 9 kuna pilau. Mchele wa Kahama ninao gunia zima, kuku wapo, na karafuu nazisubiri kutoka Wete. Mkwe wangu, ukizikabidhi kwa dereva andika jina langu kubwa kwenye mfuko, mara ya mwisho nilizunguka stendi nzima. Wenye kuja na watoto waseme mapema, nikaazime mikeka kwa jirani.

Heri ya Uhuru, nyote.