Heri ya Hanuka: mafuta ya siku moja, ada ya mwaka mzima

Hanuka njema kwenu mnaowasha taa wiki hii, na salamu kwenu majirani mnaoziona dirishani na kujiuliza ni za nini. Salamu ziwafikie wa Nairobi, ambako Wayahudi wana sinagogi tangu 1912. Ziwafikie Abayudaya, Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, na walimu wa shule za Kiyahudi popote walipo, hasa wale ambao Desemba inawakuta wakiusubiri mshahara wa Novemba.

Hanuka maana yake ni uzinduzi. Mwaka 164 kabla ya Kristo Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walilirudisha Hekalu la Yerusalemu mikononi mwao, wakalisafisha, wakalizindua upya. Mzizi huohuo wa Kiebrania umezaa neno hinukhi, yaani elimu na malezi. Basi si ajabu kwamba watoto hupewa sarafu sikukuu hii, na kwamba kwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki mwalimu wa watoto naye alikuwa na fungu lake siku hizi. Barua za kuomba michango ya shule nazo hazikosi.

Wafadhili wa shule wanaupenda uzinduzi: utepe, kibao chenye jina, picha ya pamoja. Kisa cha Hanuka, hata hivyo, hakikuishia hapo. Hekaluni palipatikana kichupa kimoja tu cha mafuta safi chenye muhuri wa kuhani mkuu, nacho kilitosha siku moja. Kupata mengine kulihitaji siku nane. Maelezo mojawapo ya zamani ni kwamba ilikuwa safari ya siku nne kwenda yanakokamuliwa na nne kurudi. Taa ya Hekalu ikawaka siku zote nane. Katika karne ya 16 Rabi Joseph Caro akauliza swali ambalo wanafunzi wanabishania mpaka leo: ikiwa mafuta yalitosha siku moja, siku ya kwanza ilikuwa na muujiza gani? Mbona hatusherehekei saba? Moja ya majibu yake ni kwamba waliyagawa mafuta mafungu nane tangu usiku wa kwanza, na kila fungu dogo likawaka usiku kucha.

Hilo ni jibu la mhasibu. Walijua kilichomo kichupani, na walijua mengine yatafika lini. Shule inayojengwa kwa msaada huwa na jibu la swali la kwanza, kuna nini, na mara nyingi hakuna aliyeuliza la pili, mengine yatafika lini.

Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, ina hesabu ya shule ambayo haijachakaa. Inamtaja Yehoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa karne ya kwanza, kuwa ndiye aliyeagiza walimu wawekwe katika kila mji na watoto waanze wakiwa na miaka 6 au 7. Kisha vinatajwa viwango: watoto 25 mwalimu mmoja, 50 walimu wawili, na wakifika 40 mwalimu apewe msaidizi anayelipwa na mji. Chukua viwango hivyo ukavipime na ufadhili wa ada unaotolewa leo. Darasa lina watoto 30. Mfadhili mwema analeta wengine 12 na kuwalipia ada. Sasa wamekuwa 42, na msaidizi anahitajika. Mshahara wake haukuandikwa popote. Tena ada yenyewe kwa kawaida haifiki gharama halisi ya mtoto, maana shule huishusha ili wazazi waimudu. Kwa hiyo kila mtoto aliyefadhiliwa kwa ada tupu anakuja na pengo lake. Kabla ya kutoa, uliza gharama ya mtoto mmoja kwa mwaka, si ada yake: gawanya matumizi yote ya shule kwa idadi ya wanafunzi. Mwalimu mkuu akikosa namba hiyo, msaada wa kwanza umlipe mhasibu.

Baron Maurice de Hirsch, tajiri wa Kiyahudi wa karne ya 19, alilifahamu hili hatua kwa hatua. Alliance Israélite Universelle, jumuiya ya Kiyahudi ya kuendesha shule, iliundwa Paris mwaka 1860, ikafungua shule yake ya kwanza Tetouan, Moroko, mwaka 1862. Mwaka 1873 Hirsch aliipa faranga milioni moja kwa ajili ya shule katika dola ya Osmani. Shule zikaongezeka, na nakisi ikaongezeka nazo. Akawa anaiziba mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1889 aliacha kuziba, akaweka mtaji wa kuzalisha faranga 400,000 kila mwaka. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo: ni wakfu. Shina halikatwi, huliwa matunda. Alliance nayo ilikuwa na akili yake: tangu 1867 ilichukua wanafunzi bora wa shule zake, ikawafundisha ualimu Paris, ikawarudisha madarasani. Bila walimu hao, faranga za Hirsch zingelipia madawati.

Hesabu ya wakfu haina huruma. Ukichota asilimia 4 kwa mwaka, mtaji una nafasi nzuri ya kudumu. Mwalimu wa dola 6,000 kwa mwaka anahitaji basi dola 150,000 zilizotulia. Wengi hawana. Afadhali waseme hivyo mapema kuliko kutangaza wakfu wa dola 20,000, unaozaa 800, halafu mwaka mbaya ukija bodi ya shule inakula shina kimyakimya. Mwenye dola 20,000 agawe mafungu kama katika jibu la Caro, kwa maandishi, yakishuka: 8,000 mwaka wa kwanza, kisha 6,000, 4,000 na 2,000, shule ikijua tangu siku ya kutia saini ni mwaka gani inapaswa kujaza kiasi gani. Kinachoua shule ni msaada wa miaka mitatu ulio sawa kila mwaka, kisha sifuri. Mwaka wa nne walimu wawili wanaondoka, wazazi wanaona, wanahamisha watoto, na ada inapungua wakati uleule inapohitajika.

Hata kumaliza fedha kunaweza kufanywa vizuri. Wakfu wa AVI CHAI, uliosaidia shule za Kiyahudi na ulioanzishwa na Zalman Bernstein mwaka 1984, ulitangaza miaka mingi kabla kwamba utafunga mkono, ukaufunga mwisho wa 2019. Shule zilipata muda wa kutafuta wengine. Tena zilikuwa zimekopeshwa fedha za ujenzi bila riba, zikirudishwa zikopeshwe shule nyingine. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alipopanga ngazi nane za tsedaka (neno ambalo Mswahili analisikia kama sadaka, na ni ndugu kweli), ngazi ya juu kabisa aliiwekea mkopo, ubia au kazi: kumshika mtu asianguke.

Mbale kuna jambo moja la kalenda. Jumuiya ya Abayudaya, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ina shule ya msingi na ya sekondari zinazopokea watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Kiongozi wake, Rabi Gershom Sizomu, alisomeshwa Los Angeles, akapata urabi mwaka 2008, akarudi kufundisha nyumbani. Kati ya misaada yote, huo ndio uliogeuka kuwa mwalimu. Sasa tazama tarehe: Mmarekani hutoa kabla ya Desemba 31 kwa sababu ya kodi, katikati ya mwaka wake wa shule. Uganda muhula wa kwanza unaanza baada ya Hanuka, kwa hiyo fedha ya Desemba inawahi ada, chakula na vitabu. Muhula wa tatu ndio unaokauka. Mwenye kutoa mara moja kwa mwaka aandike wazi kwamba theluthi ya fedha isiguswe mpaka muhula huo.

Turudi kwenye taa. Boksi moja lina mishumaa 44: 36 ya mikesha nane, na 8 ya shamashi, mshumaa unaowasha mingine. Panga kutoka kulia, washa kuanzia kushoto, ule mpya kwanza. Mwanga wa ile minane hautumiki kwa kazi yoyote, hata kusomea. Wa kusomea ni wa shamashi. Taa ziwake walau nusu saa baada ya giza. Ijumaa kuna mtego: taa za Hanuka huwashwa kabla ya zile za Sabato, jua likiwa bado halijatua, na mishumaa midogo ya boksi huisha kabla ya giza kutimia. Usiku huo tumieni mirefu, au mafuta ya kuwaka saa moja na nusu.

Hag sameah. Hanuka njema, na Ijumaa msichelewe.