Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majaribio ya Filamu ya Poliesta kwa Picha za Anga

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu ni kupima filamu ya poliesta kabla haijachukua nafasi ya asetati, plastiki ya filamu zetu za zamani. Habari za ada na hesabu atawasomea mweka hazina.

Kila filamu husinyaa na kutanuka. Tulichotaka kujua ni kama hii inasinyaa sawasawa. Fremu ya sentimita 23 ikipungua kwa 0.01%, hizo ni mikromita 23, yaani karibu mita 1 ardhini kwa skeli ya 1:40,000. Ikipungua sawasawa, alama ambazo kamera huzichapa pembeni mwa kila fremu zinatosha kuisahihisha. Ikivutika mahali pamoja katikati ya fremu, alama hizo hazioni kitu, na kosa linaingia kwenye paralaksi, yaani tofauti ya mahali pa kitu kimoja katika picha mbili, ambayo ndiyo tunayopatia kimo chake. Kwa skeli hiyohiyo, kama umbali kati ya picha mbili ni 0.6 ya kimo cha ndege, mikromita 10 tu zinapandisha au kushusha kilima kwa takriban sentimita 67.

Vipande vilikatwa mwanzo, katikati na mwisho wa roli, vikaachwa wazi saa 24 kwenye nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa 50%. Kila kipande kikabanwa juu ya kioo chenye misalaba, kikamulikwa, kikasafishwa, kikakaushwa, kikarudishwa chumbani saa 24 nyingine, ndipo misalaba ikasomwa kwa komparata, chombo cha kupimia mahali pa alama kwenye filamu. Vipande vyote vifike 50% vikitokea kwenye ukavu: filamu iliyotoka kwenye unyevu mkubwa hairudi kwenye kipimo kilekile, na ukichanganya hizo mbili unapima historia ya chumba.

Poliesta hunywa unyevu kidogo sana kuliko asetati. Kwa sisi tunaopakia kamera Mombasa au Dar es Salaam, kisha tunapanda kwenye hewa kavu, hiyo peke yake ni sababu ya kuhama. Joto bado lina nguvu: nyuzi 10 zinabadilisha urefu kwa karibu 0.02%. Roli zilizokatwa ukingoni mwa shuka pana la kiwandani ndizo za kuangaliwa, kwa sababu plastiki ile huvutwa pande mbili ikitengenezwa, na ukingoni mvuto huenda mshazari. Ombeni roli za katikati.

Mashine ya kukaushia isiwe ya moto sana wala isivute kwa nguvu. Filamu ikivutwa ingali na joto hubaki imerefuka.

Poliesta haichaniki. Ikikwama, kinachovunjika ni meno ya kamera, kwa hiyo kagueni njia ya filamu kabla ya kila safari. Gundi ya asetati haiishiki. Tumieni utepe mwembamba, kwani mnene huacha alama kwenye mizunguko inayofuata. Kwenye hewa kavu msizungushe roli kwa kasi. Umeme tuli huchoma picha: ukiiweka negativu kwenye meza ya taa utaona vijiti vyeusi vyenye matawi, kama mti uliopukutika majani, na hakuna dawa ya kuvifuta.

Asetati za zamani zibaki makabatini penye ubaridi na ukavu. Kopo likifunguliwa likanuka siki, litengwe siku hiyohiyo, maana mvuke wake huharibu yaliyo jirani, na negativu zilizomo zinakiliwe kabla hazijajikunja.